Siri za Wananchi Zisipigwe Mnada

Kila mwaka wa fedha unapokaribia ukingoni, afisi nyingi za Serikali na mashirika ya umma, Unguja na Pemba, hufungua stoo zao na kuhesabu vilivyochakaa. Hutolewa viti vilivyovunjika miguu, magari yaliyokufa injini, feni zisizozunguka na, kwa wingi unaozidi mwaka hadi mwaka, kompyuta. Vyote huandikwa katika orodha moja, hupangwa uani, na mwananchi mwenye pesa zake huja akanunua. Hapana ubaya katika utaratibu huo. Mali ya umma iliyochakaa haifai kuachwa ioze, na fedha inayopatikana, ijapokuwa kidogo, ni fedha ya umma.

Lakini kiti hakina kumbukumbu. Feni haijui nani alikaa chini yake wala alisema nini. Kompyuta inajua. Ndani ya kompyuta ya kituo cha afya yamo majina ya akina mama waliokuja kupima, pamoja na majibu waliyopewa. Ndani ya kompyuta ya afisi ya ardhi umo mgogoro wa shamba la mikarafuu ambao ndugu wa tumbo moja hawakupenda jirani aujue. Ndani ya kompyuta ya skuli zimo alama za watoto na adhabu zao, na katika ile ya mhasibu imo mishahara na mikopo ya watumishi. Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ya zama hizi ni diski iliyomo ndani ya kompyuta, na kata hiyo ndiyo tunayoipiga mnada.

Tunaandika leo kuwatahadharisha wenye dhamana na wananchi kwa jumla kwamba njia tulizozizoea za kufuta taarifa hazitoshi tena, kwa sababu diski yenyewe imebadilika. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa siku hizi hazina tena ile diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Zina diski za chipu, ambazo mafundi wetu wanazijua kwa herufi SSD. Diski hizo ni nyepesi, hazina sauti, zina kasi kubwa na haziharibiki upesi kwa kutikisika. Kwa kazi ni neema. Kwa kufuta ni mtihani, na mtihani huo unahitaji kueleweka kabla ya mwezi wa Juni kufika tena.

Tuanze na dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba faili likishatupwa kwenye kapu la taka la kompyuta, na kapu likamwagwa, basi limekwisha. Hata katika diski za zamani dhana hiyo haikuwa ya kweli. Kompyuta hufuta jina la faili katika orodha yake na kuacha maneno yenyewe pale pale yalipo, mpaka siku nafasi ile itakapohitajiwa kwa kazi nyingine. Kuifomati diski kwa haraka nako hakuzidi sana hapo, kwani kinachoandikwa upya ni orodha. Mwaka 2003, wataalamu wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 walizozinunua zikiwa zimekwishatumika. Diski 129 kati ya hizo zilifanya kazi, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika zilizobaki walikuta namba za kadi za benki, barua za watu na habari za wagonjwa. Wauzaji wengi walidhani wamefuta.

Diski za zamani, hata hivyo, zilikuwa na dawa nyepesi. Zilifanana na ubao wa chuoni. Mtoto akimaliza aya yake huosha ubao, akaandika aya nyingine mahali pale pale, na ya kwanza haisomeki tena. Vivyo hivyo, fundi aliyeandika sifuri juu ya diski yote ya sahani, tangu mwanzo hadi mwisho, aliweza kulala usingizi wake. Programu za kufanya hivyo zipo, nyingi ni za bure, na mafundi wetu wengi wanazo mpaka leo.

Diski ya chipu si ubao. Ni daftari, tena daftari lenye karani wake ndani. Taarifa huhifadhiwa humo kwa chembe za umeme zinazonaswa katika vyumba vidogo mno vya chipu, kwa ufundi wa flashi uliobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba ya Japani katika miaka ya 1980. Ufundi huo una masharti yake. Kuandika hufanyika ukurasa mmoja mmoja, lakini kufuta hakuwezekani ukurasa mmoja mmoja. Hufutwa bunda zima lenye kurasa mamia kwa pamoja. Tena kila bunda lina idadi ya mara linazoweza kufutwa kabla ya kuchoka. Kwa sababu hizo mbili, watengenezaji waliweka ndani ya diski chipu ya kusimamia kazi, ambayo hapa tutaiita karani. Ukimwambia karani huyo abadilishe ukurasa wa kumi, habadilishi. Huchukua ukurasa mpya mahali pengine, huandika humo maneno mapya, kisha husahihisha faharasa yake ili ionyeshe kwamba ukurasa wa kumi sasa uko huko. Ukurasa wa zamani hubaki na maneno yake, ukingojea siku bunda lake litakapofutwa. Siku hiyo huamuliwa na karani, si na mwenye kompyuta.

Zaidi ya hayo, kila diski ya namna hii hubeba akiba ya kurasa ambazo kompyuta haizioni kabisa. Akiba hiyo humsaidia karani kugawa kazi sawasawa ili bunda moja lisichoke kabla ya mengine. Hubeba pia mabunda yaliyoonekana kuwa na ubovu, yakaondolewa kazini pamoja na yote yaliyoandikwa humo. Kwa hiyo programu ya kuandika sifuri, hata ikisema imeandika diski nzima, imeandika ile sehemu tu iliyoonyeshwa. Sehemu iliyofichwa haikuifikia.

Hayo hayakusemwa kwa kukisia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiongozwa na Michael Wei na Steven Swanson, waliandika taarifa katika diski za chipu, wakazifuta kwa njia mbalimbali, kisha wakasoma chipu zenyewe moja kwa moja bila ya kumpitia karani. Kila njia ya kufuta faili moja moja kwa kuandika juu yake ilishindwa. Baina ya asilimia 4 na asilimia 75 ya yaliyomo katika faili ilibakia. Kuandika juu ya diski nzima mara mbili kulifaa mara nyingi, lakini si mara zote. Hata amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski na watengenezaji wenyewe haikuaminika kwa kila diski, na ilipatikana diski moja iliyotoa jibu kwamba kazi imekamilika ilhali taarifa zote zilikuwemo, hazikuguswa. Jibu hilo lingempa afisa wetu moyo wa kutia saini.

Kuna wanaotegemea sumaku. Mashine za sumaku kali zilitumika kwa miaka mingi kuharibu diski za sahani, na zilifaa, kwa kuwa diski hizo huandikwa kwa sumaku. Chipu haiandikwi kwa sumaku. Watafiti hao hao walizipitisha chipu katika mashine ya namna hiyo, nazo zikatoka na taarifa zake kamili. Wapo pia wanaotoboa tundu moja kwa keekee, au wanaopiga nyundo mara mbili tatu. Diski ya chipu huweza kuwa na chipu kadhaa, kila moja na sehemu yake ya taarifa, na tundu la katikati huenda lisiguse hata moja. Fundi mwenye vifaa vyake huzibandua chipu zilizosalimika akazisoma.

Kuna pia hoja ya wataalamu, nayo yafaa ijibiwe. Husemwa kwamba kompyuta za leo, faili linapofutwa, huipa diski amri iitwayo TRIM, inayomwambia karani kurasa zipi hazihitajiwi tena, naye huzisafisha kwa wakati wake. Ni kweli, na kwa sababu hiyo mtu wa kawaida hupata taabu kubwa kurudisha faili lililofutwa katika diski ya chipu. Lakini amri hiyo ilitungwa kwa ajili ya kasi na uzima wa diski. Haikutungwa kwa ajili ya siri. Haitoi ahadi ni lini kurasa zitasafishwa, wala haifanyi kazi katika kila aina ya kompyuta na kila waya wa kuunganishia. Siri ya mgonjwa haiwezi kuwekwa rehani kwa jambo ambalo huenda likatendeka.

Msomaji atauliza: nani atakayejishughulisha na diski kuukuu ya afisi ya kisiwani? Tunamjibu kwa mifano ya wenye nguvu kuliko sisi. Mwezi wa Septemba 2022, tume inayosimamia soko la hisa na mitaji nchini Marekani iliitoza benki ya Morgan Stanley faini ya dola milioni 35. Benki hiyo ilikuwa imeipa kazi ya kuondoa vifaa vyake kampuni ya kuhamisha mizigo isiyokuwa na ujuzi wowote wa kuteketeza taarifa, na baadhi ya vifaa viliishia katika mnada wa mtandaoni vikiwa na habari za wateja. Na mwaka 2009, wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski zilizotumika nchini Ghana, katika biashara ile ile ya mitumba ya kompyuta inayofika mpaka bandari zetu. Katika diski moja walikuta nyaraka za kampuni inayoitengenezea Serikali ya Marekani zana za ulinzi. Ikiwa dola kubwa hutapakaza siri zake hadi gulioni, sisi tusijione tumesalimika kwa udogo wetu. Tena udogo wenyewe unazidisha madhara. Katika mji wenye watu milioni kumi, jina lililosomwa katika diski ni jina tu. Katika kisiwa, jina hilo ni binti wa fulani, anayekaa nyumba ya tatu baada ya msikiti, na maji yakimwagika hayazoleki.

Basi lipi la kufanya? Twaona yapo mambo manne, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wetu.

La kwanza ni kuanza mwanzo badala ya kungoja mwisho. Kila kompyuta mpya ya umma isimbwe siku ile inayotolewa katika boksi lake, kabla haijaandikwa jina la mwananchi hata mmoja. Kusimba ni kuyageuza maandishi yote yaliyomo katika diski yawe hayasomeki bila ya ufunguo. Diski iliyosimbwa tangu mwanzo, hata ikibakiwa na kurasa zilizosahauliwa na karani wake, kurasa hizo ni msimbo mtupu. Siku ya kuiondoa, huteketezwa ufunguo, na kilichobaki hakina faida kwa mtu. Kinga hiyo hufaa pia kompyuta inapoibiwa garini au inaposahauliwa botini, ajali ambazo hazingoji mnada. Programu za kusimba zimo tayari katika mifumo mingi ya kompyuta inayotumiwa maafisini, na kinachotakiwa ni amri ya mkubwa wa kazi na utunzaji mzuri wa funguo. Tunatia sharti moja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya diski zinazojisimba zenyewe, za watengenezaji wakubwa, zilifanya kazi hiyo vibaya kiasi cha kufunguliwa bila ya neno la siri. Kwa hiyo kusimba kufanywe na mfumo wa kompyuta, wala tusiiachie diski peke yake.

La pili ni kutumia amri ya diski yenyewe wakati wa kuiondoa. Diski za SSD za kisasa zina amri maalumu ya kumwagiza karani afute mabunda yote, yakiwemo ya akiba, au abadilishe ufunguo wa ndani. Watengenezaji wengi hutoa programu ya kuitolea amri hiyo bila ya malipo. Fundi aitumie hiyo badala ya programu za kuandika sifuri alizozirithi kutoka zama za sahani. Ahakikishe kwamba diski imefungwa ndani ya kompyuta au kwa kiungo kinachopitisha amri hizo, kwani waya nyingi za kuunganishia kwa nje hazizipitishi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo visiwani kwetu si geni, kazi hiyo isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka diski ithibitishwe au amri itolewe upya. Na baada ya yote, diski isomwe tena na mtu mwingine, asiye yule aliyeifuta, aandike alichokiona. Tumekwishaona kwamba diski huweza kusema uongo. Kwa sababu hiyo hiyo kusimba kwa mwanzo na kufuta kwa mwisho viende pamoja, ili kimoja kikikosea kingine kizuie.

La tatu ni kuteketeza kile kisichoweza kufutwa. Diski iliyokufa haipokei amri, lakini chipu zake huenda zikawa hai. Diski ya namna hiyo isiuzwe, isitupwe, wala isirudishwe dukani kwa ajili ya dhamana ya kubadilishiwa mpya, kama iliwahi kubeba taarifa za watu bila ya kusimbwa. Isagwe, chipu moja baada ya nyingine, mbele ya mashahidi. Marekani, kwa siri zake kubwa za dola, hutaka chembe zisizozidi milimita 2. Hatudai kila wilaya inunue mashine ya aina hiyo. Mashine moja Unguja na moja Pemba, chini ya mamlaka moja inayoaminika, zingetosha kuzihudumia afisi zote, kwa ratiba inayojulikana.

Hapa yafaa tuseme jambo ili tusifahamike vibaya. Hatutaki kila kompyuta kuukuu ivunjwevunjwe kwa hofu. Zipo skuli za shamba, Unguja na Pemba, ambazo kompyuta ya miaka sita iliyotupwa na wizara ingekuwa kwao hazina. Kuiponda kompyuta nzima kwa sababu ya diski moja ni ufujaji, na kuipeleka jaani ni kuongeza sumu katika ardhi ya kisiwa ambacho hakina ardhi ya kuchezea. Vile vile hatutaki kompyuta zifungiwe stoo miaka nenda miaka rudi kwa kuwa hakuna anayethubutu kutia saini. Kwa diski nzima iliyosimbwa na ikafutwa vizuri, hapana sababu ya kuinyima skuli. Kwa diski yenye shaka, itolewe diski, ipondwe, na kompyuta itiwe nyingine. Gharama ya diski mpya ya kawaida ni ndogo ikilinganishwa na heshima ya mtu mmoja iliyovunjwa.

La nne, na pengine ndilo zito kuliko yote, ni daftari na saini. Kila diski ina namba yake ya kiwandani. Tunapendekeza namba hiyo iandikwe siku diski inapoingia, na ifuatwe mpaka siku inapotoka, ionyeshe ilitumika wapi, ilibeba nini, ilisimbwa lini, ilifutwa kwa njia ipi, na nani na nani walishuhudia. Bila ya hati hiyo kitu kisitoke stoo. Orodha ya vifaa vya mnada isipokewe ikiwa kompyuta zimeandikwa kama viti, kwa idadi tu. Wakaguzi wa hesabu waiulizie hati hiyo kama wanavyoulizia risiti ya mafuta. Mikataba ya kukodi mashine nayo iseme wazi diski itakuwa ya nani mkataba ukimalizika, maana hata mashine kubwa za kunakili karatasi nyingi zina diski ndani, na hubakisha picha za nyaraka zilizopita.

Saini hizo zina kazi ya pili. Mwenye kujua kufuta kabisa anaweza pia kufuta ushahidi. Hatupendi kuona mafunzo tunayoyahimiza leo yakageuka kuwa kichaka cha wabadhirifu, ambao wakisikia wakaguzi wanakuja husafisha diski na kusema wamelinda siri za wananchi. Kabla ya diski yoyote kufutwa, ni lazima ijulikane ni nyaraka zipi zilizomo zinazopaswa kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria, na zihamishwe salama. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinatunza karatasi za tangu enzi za masultani, na mtafiti anakwenda akazisoma. Itakuwa fedheha ikiwa vizazi vijavyo vitaweza kusoma barua za karne ya kumi na tisa na visiweze kusoma za karne yetu, kwa sababu karani mmoja alibonyeza kitufe. Kuhifadhi na kufuta ni kazi moja yenye pande mbili, na zote mbili zinahitaji mashahidi.

Kuhusu sheria, Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kwa upande wa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya, ardhi na elimu ya skuli zetu ni katika mambo hayo. Kwa maneno mengine, yale madaftari yaliyo karibu zaidi na uchi wa mwananchi ndiyo yaliyo nje ya ngao hiyo. Ulinzi wake hauna budi kutoka humu humu ndani, katika sheria zetu, kanuni zetu za kuondoa mali za umma, na miongozo ya taasisi zetu za serikali mtandao. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imempa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi. Haki hiyo haimaliziki pale kompyuta inapochakaa. Tunatoa mwito kwa waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waulize, kila wizara inapoleta bajeti yake: diski mlizoziondoa mwaka jana ziko wapi, na hati zake ni zipi?

Na sisi wananchi tusikae tukisubiri Serikali peke yake. Simu iliyomo mfukoni na flashi iliyomo mkobani hutumia chipu za namna hiyo hiyo. Mwaka 2015 Laurent Simon na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichunguza simu 21 za Android zilizotumika, na wakaonyesha kwamba kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, kwa simu za zama zile, hakukuondoa yote. Simu za miaka ya karibuni zina nafuu, kwani nyingi hujisimba zenyewe tangu mwanzo, na kuzirudisha katika hali ya kiwandani huharibu ufunguo. Mwenye simu ya zamani asiharakishe kuiuza Darajani kwa pesa isiyotosha kitoweo cha siku mbili. Akitaka kuiuza, kwanza aisimbe katika mipangilio yake, ndipo airudishe katika hali ya kiwandani. Flashi na kadi za kumbukumbu aghalabu hazina hata ile amri ya kufuta tuliyoitaja. Iliyobeba siri na haikusimbwa, dawa yake ni kuivunja chipu yake vipande vipande. Na mtu anayepeleka kompyuta kwa fundi ayajue yaliyomo humo kabla ya kuikabidhi, bila ya kumdhania fundi ubaya.

Mambo haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu mmoja katika kila afisi ambaye ikiulizwa diski iko wapi, ataweza kujibu. Tunaiomba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar itoe mwongozo mmoja wa kuondoa diski katika afisi zote, mwongozo mfupi, kwa Kiswahili fasaha anachokifahamu mtunza stoo wa Micheweni sawasawa na mhandisi wa Vuga, na utoke kabla ya stoo kufunguliwa mwaka huu. Mpaka utakapotoka, tunawashauri wakuu wa idara wasitie saini orodha yoyote ya mnada yenye kompyuta ndani yake, isipokuwa wameshuhudia diski zake zimetolewa au zimethibitishwa kufutwa.

Mama aliyekwenda kituo cha afya alimwambia mkunga neno ambalo hakumwambia hata dada yake. Alisema kwa kuwa aliambiwa litaandikwa na litahifadhiwa. Neno hilo ni amana, na amana hairudishwi kwa kuuzwa.